Namna ya kutumia saitesheni kupima kama utafiti wa afya umefika mbali, bila namba kukudanganya

Siku hizi kila ripoti ya mradi wa afya inadai neno moja, impakti. Donna, yaani mfadhili, anauliza, chuo kinauliza ukiomba kupandishwa cheo, bosi wa idara naye anauliza, na wengi wetu jibu ni lile lile: fungua Google Scholar, kopi ile namba ya juu, bandika kwenye ripoti, imeisha. Banange, hiyo sio kupima.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeko Mulago, Mbarara, Gulu, Entebbe au popote pale hapa Uganda, anafanya utafiti au anahesabu utafiti wa wenzake, hana bajeti ya kulipia data na bando lake linaisha kabla jioni haijafika. Karibu kila kitu ntakachotaja hapa ni cha bure.

Niseme msimamo wangu mapema tusisumbuane. Saitesheni ni ushahidi kwamba watafiti wengine walikusikia. Basi. Haisemi kama mtoto wa Mbale alipona. Lakini ukizihesabu vizuri, alafu ukazifungua moja moja ukazisoma, zinakuonyesha njia ambayo utafiti ulipita mpaka ukafika kwa mgonjwa, ama pale ulipokwama, na mimi naona hiyo njia ndo ina faida kuliko namba yenyewe.

Kwa ambaye ni mgeni: saitesheni inapatikana pale mtu anayeandika pepa, yaani makala ya utafiti, leo anapoiweka pepa yako ya zamani kwenye orodha yake ya marejeo. Eugene Garfield, Mmarekani, alitoa wazo la kuzikusanya mwaka 1955 kwenye jarida la Science, na 1964 ikatoka Science Citation Index. Shida aliyotaka kutatua ilikuwa ya kutafuta pepa, yaani ushike wazo moja ulifuate kutoka kwa mtu huyu hadi yule. Habari ya kuwapangia watu madaraja iliingia baadaye, na ndo imeleta fujo yote hii.

Hatua ya 1: Andika swali kabla hujagusa kompyuta

Sentensi moja tu. "Utafiti wetu wa malaria wa 2010 mpaka 2018 ulitumiwa na nani?" hilo ni swali. "Tuna impakti kiasi gani?" hilo sio swali, ni maombi.

Alafu amua unapima kitu gani, mtu mmoja, mradi, idara, au mada nzima. Mradi na mada zinapimika vizuri kiasi maana pepa ni nyingi na bahati mbaya na nzuri zinafutana. Mtu mmoja anapimika vibaya sana, hasa kijana mwenye pepa sita, hapo pepa moja ikiangukia kwenye mada yenye moto anaonekana profesa na ikikosa anaonekana hajafanya kitu. Ukilazimishwa kupima mtu, soma pepa zake. Ni sita tu, utamaliza kwa wikendi.

Hatua ya 2: Kusanya orodha ya pepa, na hapa ndo kuna jasho

Watu wanaharakisha hatua hii na ndo inaharibu zote zinazofuata, kwa hiyo ntakaa hapa kidogo.

Anza na PubMed, ni bure, ni ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani. Andika Uganda[ad] AND malaria, hiyo [ad] inamaanisha utafute kwenye anwani za waandishi. Lakini jua kitu kimoja ambacho wengi hawajui: kabla ya 2014 PubMed ilikuwa inaweka anwani ya mwandishi wa kwanza tu. So kama pepa ni ya 2008, mwandishi wa kwanza yuko London au Baltimore na watu wetu wa Makerere wako katikati, kwa anwani huipati kabisa. Ukichora grafu ya pepa za Uganda mwaka kwa mwaka utaona zinapanda kuanzia 2014, mtu akashangilia kwamba utafiti umekua ghafla, kumbe sehemu ya ule mpando ni mabadiliko ya utunzaji data tu.

Kuziba hilo pengo sachi tena kwa Uganda[tiab], yaani neno Uganda kwenye kichwa au muhtasari. Hii italeta zile za zamani zilizokosekana, na italeta kitu kingine ambacho binafsi naona kila idara ingekiangalia, pepa zilizofanyika kwetu, damu ilitolewa kwetu, lakini hakuna anwani hata moja ya Uganda juu yake. Ziweke pembeni kwenye shiti yake, utazihitaji.

Sasa majina. Majina yetu yanatesa mashine. Kwa Waganda pacha wa kiume ni Wasswa na Kato, wa kike Babirye na Nakato, anayewafuata ni Kizza, so kila kijiji kina Kato wake, na kama hiyo haitoshi Kato ni jina la ukoo la kawaida sana huko Japani. Sachi Kato peke yake uone, utaletewa Wajapani mpaka uchoke. Alafu huku kwetu ndugu wa baba mmoja mama mmoja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa, na mtu huyo huyo leo anaweka jina la Kikristo mbele kesho analiweka nyuma, mama akiolewa anaongeza la mume, mashine inahesabu watu watatu. Dawa yake ni ORCID, ile namba ya mtafiti iliyoanza 2012, ni bure na unaifungua kwa dakika chache. Kama waandishi wako hawana, kaa nao na orodha mkononi, waambie watie tiki pepa zao. Usiiachie mashine.

Majina ya taasisi nayo ni hivo hivo. Mtu mmoja anaandika Makerere University, mwingine Makerere Medical School, mwingine College of Health Sciences, mwingine anaandika Mulago Hospital tu, na wote wanakaa korido moja. Kile kituo cha Entebbe cha MRC (baraza la utafiti wa tiba la Uingereza) na UVRI (taasisi ya utafiti wa virusi ya Uganda) kilihamia chini ya London School of Hygiene and Tropical Medicine mwaka 2018, jina likabadilika. Tengeneza orodha ya majina yote ya taasisi yako, ya zamani na ya sasa, na sachi yote.

Usisahau majarida ya nyumbani. African Health Sciences inatoka Makerere tangu 2001 na iko PubMed, lakini kuna majarida mengine ya Afrika utayapata kwenye African Journals Online tu.

Weka kila kitu kwenye Excel: mwaka, kichwa, jarida, PMID, DOI, aina ya utafiti, mwandishi wa kwanza, mwandishi wa mwisho, wana anwani ya wapi. DOI (namba ya kudumu ya pepa mtandaoni) na PMID (namba yake ya PubMed) ndo kitambulisho cha pepa, bila hizo utahesabu pepa moja mara mbili.

Hatua ya 3: Chagua chanzo kimoja cha kuhesabia na ukae nacho

Google Scholar, ya tangu 2004, inaokota kila kitu, tesisi, ripoti, vitabu, pepa za makongamano, kwa hiyo namba zake huwa kubwa. Faida yake kwetu ni kwamba inaona tesisi ya masta ya Gulu au ripoti ya shirika ambayo wengine hawaioni. Hasara ni kwamba inarudia vitu, na mtu anaweza kuacha profaili yake ijijaze pepa za Kato wa Tokyo na asiseme kitu. Scopus na Web of Science zinachagua majarida, namba ni safi zaidi ila ndogo, ni za kulipia, na majarida mengi ya Afrika hayamo. Muulize mtu wa maktaba yenu kama mna njia ya kuingia, mara nyingi ipo na hakuna anayeitumia.

Kwa bure kuna OpenAlex iliyoanza 2022, kuna toleo la bure la Dimensions, kuna Lens. Na kwa afya kuna iCite ya NIH, zile taasisi za taifa za afya za Marekani, ambayo mimi naipenda kuliko zote, unabandika orodha yako ya PMID, inakurudishia jedwali zima, unalidaunlodi. Ukitaka kuchimba Google Scholar kuna programu ya bure inaitwa Publish or Perish, ya Anne-Wil Harzing, inakutolea namba kwenda Excel.

Sharti ni moja. Usichanganye. Huwezi kuweka namba za Google Scholar kwa idara yako na za Scopus kwa idara ya jirani alafu ukasema mmewashinda. Na andika tarehe uliyotoa namba, maana wiki ijayo zitakuwa zimebadilika na mtu atakwambia umetunga.

Hatua ya 4: Hesabu, lakini achana na wastani

Chukua mfano wa pepa tano, saitesheni zake ni 0, 2, 3, 5 na 410. Jumla 420, wastani 84. Sasa niambie ni pepa gani hapo inafanana na 84? Hakuna. Pepa ya katikati ina 3. Saitesheni za afya ndo zilivyo siku zote, chache zinakula karibu kila kitu na nyingi zinapata kidogo, kwa hiyo toa namba ya katikati, yaani medi­ani, alafu taja pembeni ile kubwa kwa jina lake.

Wengi watakuomba h-indeksi, aliyoileta Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California, mwaka 2005. Una h ya 3 kama una pepa tatu ambazo kila moja imenukuliwa walau mara tatu. Kwenye mfano wetu h ni 3. Ona hapo, ile pepa ya 410 ingekuwa na 5 tu, h ingebaki 3 vilevile. Na h haishuki kamwe, inapanda na umri, so mzee aliyestaafu anaendelea kumpita binti anayefanya kazi usiku na mchana. Iandike kama wameilazimisha, usiitumie kuamua.

Impakti fakta ndo usiiguse kabisa kwa kazi hii. Ile ni ya jarida: saitesheni za mwaka mmoja kwa vitu vilivyotoka miaka miwili iliyotangulia, gawanya kwa idadi ya pepa za miaka hiyo miwili. Pepa yako kuwa kwenye jarida kubwa haimaanishi wewe umenukuliwa, pengine jirani yako wa ukurasa ndo kabeba jarida zima. Azimio la DORA, lililoanzia San Francisco 2012, linasema wazi usipime pepa wala mtu kwa impakti fakta ya jarida, na bado kamati nyingi zinafanya hivo hivo.

Hatua ya 5: Linganisha vitu vinavyolingana

Pepa ya VVU na pepa ya funza wa Busoga haziwezi kushindana. VVU ina maelfu ya watafiti duniani wanaonukuliana, funza ina wachache. Ugonjwa wa kutikisa kichwa wa kule Kitgum na Pader, pepa ikinukuliwa mara 40 hapo karibu kila anayeushughulikia ameisoma. Arobaini kwa VVU ni kawaida tu.

Umri nao. Pepa ya mwaka jana haina saitesheni kwa sababu walioisoma bado wanaandika. Mimi chini ya miaka mitatu siipimi, na ningependa mitano. Tena kuna zinazolala. Virusi vya Zika vilipatikana 1947 kwenye nyani aliyewekwa msituni Zika, pale karibu na Entebbe, na watu wa taasisi ambayo leo tunaiita UVRI. Pepa ya Dick, Kitchen na Haddow ikatoka 1952, ikakaa miongo na miongo ikiguswa na wachache, mpaka mlipuko wa Brazil, WHO ikatangaza dharura tarehe 1 Februari 2016, na ghafla kila mtu duniani anamnukuu Dick. Kamati ya 1962 ingekata bajeti yao.

Kuna na kinyume chake. Denis Burkitt alieleza ile saratani ya taya ya watoto akiwa daktari wa upasuaji Mulago, 1958. Leo watu wanaandika Burkitt lymphoma kwenye pepa na hawaweki marejeo ya 1958, nani aweke, jina limeshakuwa msamiati. Utafiti ukishinda sana unaacha kunukuliwa. Kwa hiyo pepa ya zamani yenye saitesheni chache usiikimbilie kuiita imekufa.

Kwa namba ya kulinganisha tumia RCR (Relative Citation Ratio) ya iCite. Inailinganisha pepa yako na zile za fani yake, yaani zinazonukuliwa pamoja nayo, na ikiwa 1.0 maana yake iko sawa na pepa ya katikati iliyofadhiliwa na NIH. Ndio, kipimo kimefungwa kwa Wamarekani, na inaona PubMed tu, lijue hilo na uliandike. Ila bado ni afadhali kuliko namba tupu.

Hatua ya 6: Fungua zilizokunukuu uzisome

Kuhesabu saitesheni bila kuzisoma ni kama kuhesabu waliokuja msibani alafu useme wote walimpenda marehemu. Wengine walifuata chakula.

Chukua pepa zako tatu nne kubwa. Kwa kila moja bonyeza pale kwa waliokunukuu, chagua kama 30 kwa bahati nasibu, usichukue za juu tu, fungua, nenda Ctrl+F andika jina la mwandishi wa kwanza, soma ile aya. Alafu weka alama kwenye Excel: ametaja tu kwenye utangulizi, ametumia mbinu yako, ametumia data au matokeo yako kwenye hesabu zake, anakupinga, au ni wewe mwenyewe unajinukuu. Kujinukuu sio dhambi, mradi wa miaka 20 lazima utaje kazi zake za nyuma, lakini zitenganishe uone zinabaki ngapi.

Utashangaa. Nyingi sana zitakuwa za utangulizi, "malaria ni tatizo kubwa Uganda" na namba tatu kwenye mabano, yako moja. Hizo hazina uzito. Moja iliyochukua matokeo yako ikayaweka kwenye mapitio ya kimfumo, yaani pepa inayokusanya na kupima tafiti zote za swali moja, inazidi hamsini za aina hiyo.

Na kunukuliwa sana sio kusifiwa. Pepa ya Wakefield ya 1998 kwenye Lancet, watoto 12, ile ya chanjo na otizimu, ilifutwa 2010 na imenukuliwa mno, kwa sehemu kubwa na watu wanaoikataa. Huku karibu na sisi angalia jaribio la FEAST, New England Journal of Medicine 2011, watoto 3141 wa Uganda, Kenya na Tanzania, Mbale, Soroti, Lacor na Mulago ndani yake. Watoto wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu waliopewa maji mengi ya haraka kwa mshipa, karibu asilimia 10.5 walikufa ndani ya saa 48, wasiopewa hayo maji asilimia 7.3. Hii ilienda kinyume na kile kila daktari alifundishwa. Ukifungua waliowanukuu utakuta wengi wanabishana, hawa wanasema hospitali hazikuwa na ICU (wodi ya mahututi), wale wanasema ndo maana halisi, hospitali zetu ndo zilivyo. Hesabu tupu ingekupa namba kubwa na usijue kwamba kulikuwa na vita. Mimi naona ubishi kama huo ni impakti kubwa kuliko kukubalika kimya kimya, lakini hilo huwezi kuliona bila kusoma.

Hatua ya 7: Fuata mpaka kwenye mwongozo wa matibabu

Hii ndo hatua inayotofautisha afya na fani nyingine. Njia ya kawaida iko hivi: jaribio linatoka, linaingia kwenye mapitio ya kimfumo kama ya Cochrane (mtandao wa kimataifa wa kuandika mapitio hayo), mapitio yanaingia kwenye mwongozo wa WHO, wizara inachukua ya WHO inaweka kwenye mwongozo wa nchi, nesi wa helthi senta ya ngazi ya tatu anafuata. Sasa angalia wapi jina lako linapotea. Mwongozo unanukuu mapitio, haukunukuu wewe. Mwongozo wa nchi mara nyingi hauna hata orodha ya maana ya marejeo. Ukihesabu saitesheni zako tu hutaona kwamba umefika kwa nesi.

Kwa hiyo hesabu vizazi viwili. Kizazi cha kwanza ni waliokunukuu wewe. Kati yao toa mapitio yote ya kimfumo, kwenye PubMed kuna kichungi cha hilo. Alafu kila pitio tafuta nani kalinukuu, hasa miongozo. iCite nayo ina sehemu inayokuonyesha pepa zako zilizonukuliwa na majaribio ya kliniki na miongozo iliyomo PubMed. Alafu ile ya mikono: daunlodi PDF za miongozo ya WHO ya mada yako, za miaka kadhaa, Ctrl+F jina la mwandishi wa kwanza. Angalia na viambatisho, ushahidi wenyewe mara nyingi umefichwa huko nyuma. Kuna huduma inaitwa Overton inayokusanya nyaraka za sera, ni ya kulipia, kama huna, sio neno.

Mfano mzuri ni wa artesunati. Jaribio la AQUAMAT, Lancet Novemba 2010, watoto 5425 katika nchi tisa za Afrika, Uganda ikiwemo, walikufa asilimia 8.5 kwa artesunati na 10.9 kwa kwinini. 2011 WHO ikapendekeza artesunati kwa watoto wenye malaria kali. Hapo pepa ina miezi tu, saitesheni zake bado hazijajaa, na sera imeshabadilika.

Tohara ndo ilikwenda mbio zaidi. Jaribio la Rakai la wanaume 4996 lilisimamishwa Desemba 2006 kwa sababu matokeo yalikuwa wazi, yakachapishwa Lancet Februari 2007 pamoja na yale ya jaribio la Kisumu, Kenya, na Machi hiyo hiyo WHO na UNAIDS wakapendekeza tohara kama kinga ya VVU. Wiki chache! Uganda yenyewe ilitoa sera ya tohara salama 2010, miaka mitatu baadaye, wakati Rakai iko hapa hapa. Tarehe hizo zipange kwenye mstari mmoja, chapisho, mapitio, WHO, wizara, utaona ucheleweshaji uko wapi, na mara nyingi hauko kwa watafiti.

Baada ya hapo saitesheni zimefika mwisho wa nguvu zake. Kama sindano ya artesunati ilikuwepo stoo siku ile mtoto alipoletwa, hilo halipo kwenye database yoyote, piga simu, uliza mtu wa DHO (ofisa afya wa wilaya), soma ripoti za dawa za wilaya. Na uliza waliokaa kwenye vikao vya wizara, pepa gani ililetwa mezani. Mara nyingine ni mtu mmoja aliyebeba matokeo kwenye pawapointi kabla hata pepa haijatoka.

Hatua ya 8: Nani anaongoza

Kwenye pepa za afya nafasi ya kwanza ni ya aliyefanya kazi, ya mwisho ni ya mkubwa aliyeongoza, katikati ni foleni. Rudi kwenye Excel, hesabu pepa ngapi zina mtu wa taasisi ya Uganda kwenye nafasi ya kwanza au ya mwisho, alafu linganisha saitesheni zao na zile ambazo tuko katikati tu. Karibu kila idara ukifanya hivyo pepa zake zenye namba kubwa zinageuka kuwa zile za kundi kubwa la kimataifa ambapo mtu wetu ni jina la 73. Sio vibaya kuwemo, lakini usiwaambie watu hiyo ni kazi ya idara. Ukiweza gawanya, pepa yenye waandishi 100 kila mmoja achukue sehemu yake ya mia.

Na ukiona hii inakatisha tamaa, kumbuka ile pepa ya slim (ndo ukimwi ulivyoitwa hapa mwanzoni) ya Lancet 1985, ya wagonjwa wa Rakai na Masaka. Majina matatu ya mwanzo ni Serwadda, Mugerwa, Sewankambo. Madaktari wa hapa.

Hatua ya 9: Andika ripoti

Fupi. Swali lako, chanzo na tarehe, maneno uliyosachi nayo kama yalivyo, idadi ya pepa, mediani, RCR, ngapi hazijanukuliwa kabisa (usizifiche), ngapi zimeingia kwenye mapitio, ngapi zimefika kwenye mwongozo, ngapi zinaongozwa na watu wa hapa. Alafu hadithi mbili za njia, moja iliyofika na moja iliyokwama, kila moja na tarehe zake. Ile iliyokwama usiiache, donna mwenye akili ataisoma hiyo kwanza.

Tunza Excel na yale maneno ya kusachi mahali ambapo mtu mwingine atayapata ukihama kazi, maana wataitisha tena mwaka kesho kutwa na hakuna haja ya kuanza sifuri.

Na bosi akisema ripoti ni ndefu, anataka namba moja tu ya kuweka kwenye slaidi, mpe hii: kati ya pepa zetu zenye miaka mitano na zaidi, asilimia ngapi zimetumiwa kwenye mapitio ya kimfumo au mwongozo. Akisema hiyo ni ndogo, haipendezi, anataka ile ya Google Scholar, mwambie basi aiweke na jina lake chini.